Umande Wenye Chumvi

Rangi ya manjano ilitokea kabla Tusajigwe hajamaliza kuomba isitokee.

Alikuwa amechovya ncha ya waya wa platini katika kichupa cha umande, akautia katika mwali wa Bunseni. Tundu la hewa la kichomeo hicho alikuwa amelifungua mpaka mwisho, maana Bunseni iliyonyimwa hewa huwaka manjano kwa njaa yake yenyewe, na msomaji asiye mwangalifu humsingizia shahidi kosa la moto. Mwali ulikuwa wa buluu, umenyooka, hauna ila. Kisha tone likaungua, na chumba kizima kikawa kama kimetumbukizwa ndani ya kiini cha yai. Kuta, meza, mikono yake, hata ukungu uliojibandika dirishani, vyote vikawa manjano kwa muda wa pumzi moja, kisha vikarudia ukijivu wake.

Akausafisha waya kwa asidi, akautia motoni mtupu, asije akauhukumu umande kwa uchafu wa waya. Mwali ukabaki buluu. Akachovya tena, na manjano yakarudi.

"Una chumvi," akasema kwa sauti, ingawa alikuwa peke yake. Ndivyo sheria ilivyoagiza: neno hilo likionekana, lisilale moyoni mwa msomaji hata kitambo kidogo.

Huko Isuba, mji uliojengwa kwenye mabega ya milima ya kusini mahali ambapo mvua haiagi, maneno ya kinywa yalikuwa yameondolewa mahakamani tangu enzi za mababu. Aliyeona jambo alimeza mbegu ya ukumbusho jioni, akalala nayo, na kulipopambazuka akapumua ndani ya kioo kilichopozwa. Pumzi yake iligeuka umande, na ndani ya umande huo yakalala yale aliyoyaona. Umande ulipochomwa, nuru yake ilipita katika kioo cha pembe tatu na kuyachora ukutani, kama macho yalivyoyapokea. Ukiacha tone la majaribio, ulichomwa mara moja tu. Hakuna umande uliopata kuungua mara mbili.

Lakini mababu hao walikuwa wametoka katika miaka ya visasi, miaka ambayo mtu aliyeibiwa kuku alishuhudia kuwa ameibiwa ng'ombe, na aliyesukumwa akaapa kuwa amechomwa mkuki. Walipoona ya kuwa manjano ya chumvi huzifunika rangi nyingine zote ndani ya mwali, kama vile uongo unavyoifunika kweli, wakaandika: *Umande uliotiwa chumvi usisomwe, bali umwagwe chini.* Na kwa kuwa tangu zamani Mswahili akiyakuza maneno husemwa ametia chumvi, hapakutokea mtu wa kuuliza kama ulimi na moto vilikuwa vikinena habari ya kitu kimoja. Msemo ulivaa joho, ukapanda kitini, ukawa sheria.

"Hodi, Mama Msomaji."

"Nyumba ya Moto haipigwi hodi siku ya majaribio, mwanangu."

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimepiga nikiwa nimekwisha kuingia."

Aliyesimama mlangoni alikuwa Lugano, mke wa Andongwisye, yule mlinzi wa lango la ziwa aliyekuwa akingoja hukumu. Kanga yake ilikuwa imelowa ukungu mpaka mabegani. Alimtazama Tusajigwe usoni, kisha akautazama waya uliokuwa bado mkononi mwake.

"Manjano?"

"Manjano."

Lugano akaketi juu ya kigoda pasipo kukaribishwa. "Bibi alikuwa analia. Nilimshikia kioo mimi mwenyewe. Nikamwambia, Bibi, futa machozi kwanza, utaharibu. Akaniambia, nikiyafuta, nitasema nini?"

Umande ule ulikuwa wa Bibi Subilaga, nyanya yake Lugano, naye alikuwa amekwisha kuzikwa. Homa ya baridi ilimchukua baada ya mafuriko. Hapakuwa na shahidi mwingine aliyekuwa karibu na lango asubuhi ile maji ya ziwa yaliposhuka na kuvifagia vijumba vya Bondeni pamoja na waliokuwamo.

"Machozi si ushahidi," Tusajigwe akasema.

"Sawa. Lakini ni uongo?"

 Msomaji aliufunga mrija wa gesi, na Bunseni ikazimika kwa kishindo kidogo kama mtu aliyekatizwa neno.

"Mumeo amesema nini?"

"Hasemi. Wakimwambia, ulilala, ukaliacha lango, yeye hujibu neno moja: nilikuwa pale. Wakimwuliza zaidi, anatazama chini." Lugano akavuta pumzi. "Watampa kikombe, Mama."

Isuba haikuwa na gereza. Mlinzi aliyelala zamu watu wakafa alinyweshwa kikombe cha usahaulifu, akapewa jina jingine, akavushwa upande wa pili wa mlima. Hakupigwa, wala hakutukanwa. Aliamka tu akiwa hana kwao.

"Nilimwona mmoja aliyekunywa," Lugano akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Alikuja gulioni Igale na watu wa upande wa pili. Mkewe alikuwa anauza magimbi. Akamwuliza bei. Mkewe akampunguzia. Akashukuru, akaenda zake."

*

Alipobaki peke yake Tusajigwe hakuutia umande kwenye shimo la kumwagia. Alikitia kifuniko kichupa, akakibeba kama mtu abebaye yai la ndege, akaingia nacho katika chumba cha vichomeo.

Ukungu ulikuwa umeingia kabla yake. Katika mji ule ukungu haukuhesabiwa kuwa hali ya hewa. Ulikuwa jirani asiye na nyumba, aliyeketi popote alipokuta nafasi. Ndani yake vichomeo vilisimama kama jamaa waliokaa kimya baada ya mazishi.

Karibu na mlango palikuwa na kile cha wavu, ndugu mnene wa Bunseni, ambaye kichwa chake kilizibwa kwa matundu mengi madogo hata miali yake ikaungana kuwa uwanja mmoja mpana wa joto. Hicho hakikusoma kitu, kilikausha vioo. Katikati, juu ya meza ya mawe, kilikaa kichomeo cha ufa, ambacho peke yake ndicho kilichoapishwa na sheria. Kilikuwa na pango la chuma ambamo umande ulipulizwa ukawa vumbi la maji, ukachanganywa na hewa na gesi, kisha ukapandishwa taratibu mpaka kwenye ufa mwembamba juu yake. Hapo uliwaka kama pazia la buluu lisilotikisika. Kilikuwa kimya. Watu walikipenda kwa ukimya wake, wakasema hivyo ndivyo kweli inavyosema.

Tusajigwe akakiwasha. Akahakikisha kwanza kwamba kona ya mrija wa chini imejaa maji, kwa maana gesi ikipata njia ya kutorokea huko, moto hurudi nyuma, ukaingia pangoni na kulipasua. Akakipa maji matupu ya mvua, akasimama kutazama. Pazia la buluu halikubadilika. Lakini chini ya meza, kutoka katika mrija wa kutolea, matone yalikuwa yakidondoka ndani ya chupa ya taka. Tii. Tii. Tii.

Alijua kwa nini. Alikuwa amewafundisha wengine sababu yake kwa miaka mingi. Ndani ya pango mliwekwa kidude cha kioo, mviringo kama punje ya choroko, na kila tone kubwa liligonga hapo likaanguka. Yaliyopanda motoni yalikuwa yale mepesi tu. Sehemu ndogo iliungua. Sehemu kubwa ilikwenda na taka. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya utulivu wake. Kichomeo cha ufa kilinena kwa upole kwa sababu kilikuwa kimekwisha kuyatupa yote yaliyokuwa mazito.

Akakitazama kichupa cha Bibi Subilaga. Umande ulikuwa haba, haukufika hata nusu yake. Kama ungepitishwa hapa, hata kwa kuvunja sheria, ukutani pangetokea kivuli kisicho na uso, na maisha ya mwanadamu yangekuwa yamedondoka chini ya meza.

Kwenye pembe, chini ya shuka lililobadilika rangi, palikuwa na kichomeo cha tatu. Akalivuta shuka. Hicho kiliitwa mla-vyote. Hakikuwa na pango wala punje ya kioo. Mrija mwembamba ulipita katikati yake na kuishia mdomoni mwa moto wenyewe, oksijeni na gesi vikapita pembeni mwake na kuufyonza umande moja kwa moja, mwepesi kwa mzito, hata tone la mwisho. Kilinguruma. Mwali wake ulirukaruka. Matone makubwa yalipita ndani yake yakiwa yameungua nusu, na picha yake ilitetemeka ukutani hata wazee wa zamani wakagombana juu ya walichokiona. Ndipo kikafunikwa shuka.

Kando yake, ukutani, kilining'inia kioo cha kobalti, cha buluu nzito kama usiku. Tusajigwe akakiweka mbele ya macho yake, akautazama mwali mdogo wa kibatari. Umanjano wote wa mwali ule ukatoweka.

Akasimama hivyo kwa kitambo kirefu, dunia nzima ikiwa buluu. Alikuwa ameilinda sheria ya chumvi kama mtu anavyolinda mlango wa nyumba yenye watoto. Babu yake mwenyewe aliuawa katika visasi, kwa neno moja lililokuzwa na jirani aliyekuwa analia. Na sasa alikuwa amekaa katika amani iliyoletwa na sheria hiyo, akishika mkononi machozi ya mwanamke mzee, asijue kama ameshika uongo au kweli iliyozidi uzito.

*

"Karibu, Bi Tusajigwe. Kaa. Chai ipo, ila sukari imemwona mjukuu wangu ikakimbia."

Mzee Lwitiko, mwenyekiti wa Baraza, aliyasema hayo kwa mdomo uliozoea utani, lakini macho yake hayakushiriki. Mjukuu aliyebaki kwake alikuwa amelala mkekani nyuma yake, mtoto wa pekee aliyeokotwa hai Bondeni. Mama wa mtoto huyo, Atuganile, binti yake Lwitiko, hakuokotwa. Mahali pengine hakimu wa namna hiyo angeombwa kukaa kando. Isuba haikufanya hivyo, kwa sababu, walisema, hakimu ni moto. Mtu kazi yake ni kutangaza.

"Una chumvi," Tusajigwe akasema.

"Basi umwagwe."

"Nimekuja kukuambia ya kuwa sitaumwaga."

Lwitiko akakiweka kikombe chake chini taratibu. "Sema polepole. Masikio yangu ni ya zamani."

"Nitauchoma katika mla-vyote, mbele ya Baraza zima, mlango ukiwa wazi. Nitaweka kioo cha kobalti kati ya mwali na ukuta kiizuie chumvi. Sitafanya kwa siri. Mtu avunjaye sheria gizani ni mwizi. Mimi nataka nionekane."

"Na picha itatetemeka."

"Itatetemeka."

"Na watu watagombana."

"Huenda."

"Baba zetu walichinjana kwa sababu ya watu waliolia vizuri, Bi Tusajigwe. Anayelia vizuri humshinda anayesema kweli. Ndiyo maana tukaja kwenye moto. Sheria hii si nzuri; ni bora kuliko panga."

"Najua. Babu yangu yumo katika hesabu hiyo."

Mtoto akageuka mkekani. 

"Tuseme unausoma," Lwitiko akasema, sauti yake ikiwa imeshuka, "na tuseme ni kweli tupu. Je, wale uliowamwagia? Wote wale walioliona shimo likiinywa pumzi yao? Utawarudishia nini?"

"Hilo ndilo linaloniogopesha. Lakini woga wangu si sababu ya kuongeza mmoja."

Mzee akamtazama sana. Angeweza kuita askari wa Baraza, na kichupa kingechukuliwa mikononi mwake pale pale. Naye alikuwa mtu aliyefiwa, na aliyedaiwa kumfisha bintiye alikuwa yule yule ambaye umande huu ungeweza kumwokoa. Tusajigwe aliliona pambano hilo likipita usoni pake kama kivuli cha wingu kinavyopita juu ya shamba la chai.

"Sikuruhusu," Lwitiko akasema hatimaye. "Wala sikuzuii. Lakini ukikiwasha kile, funguo za Nyumba ya Moto utaziacha juu ya meza."

"Nimekuja nazo."

*

Ukumbi ulikuwa umejaa, na pamoja na watu ukungu ulikuwa umeingia kwa mlango uliofunguliwa wazi. Upande wa kushoto walikaa waliofiwa. Andongwisye alikaa peke yake kwenye benchi la mbele, mtu mrefu aliyejikunja kama aliyekuwa akitafuta kuchukua nafasi ndogo duniani. Lugano alikuwa nyuma yake.

Tusajigwe akaziweka funguo mezani. Akalitamka kosa lake mwenyewe kwanza, kwa maneno ya sheria, ili asiwepo wa kusema amepotoka kwa kutojua. Kisha akagawa pamba.

"Za nini?" akauliza Mama Ikupa, mjumbe wa Baraza mwenye ulimi uliojulikana hadi upande wa pili wa mlima.

"Za masikioni. Kinanguruma."

"Nimelala na marehemu mume wangu miaka yote ile bila pamba. Wape vijana."

Kicheko kidogo kikapita, kikafa. Tusajigwe akafungua gesi, akakisogeza kiberiti, kisha akaiachia oksijeni. Mla-vyote akaamka. Sauti yake haikuwa sauti ya moto. Ilikuwa ya maji yanayoanguka toka juu kwenda mahali pasipoonekana, na katika safu ya waliofiwa watu kadhaa walifunika nyuso zao, kwa maana sauti hiyo walikuwa wameisikia.

Mama Ikupa akachukua pamba.

Msomaji akauzamisha mrija mwembamba katika kichupa. Mara moja ukuta wote ukawa manjano, manjano matupu, mazito, yasiyo na mlango. Minong'ono ikaanza: chumvi, chumvi. Akateremsha kioo cha kobalti mbele ya mwali. Manjano yakaondoka kama mgeni aliyetambua kwamba wenyeji wana jambo lao, na kutoka nyuma yake zikaanza kuja rangi nyingine: zambarau nyembamba ya mimea na majivu, nyekundu ya matofali, kijani cha shaba. Zilitetemeka. Zilikutana, zikaachana, zikakutana tena.

Watu wakaanza kuona kwa macho ya Bibi Subilaga.

Kulikuwa asubuhi. Maji ya ziwa lililofurika yalikuwa kila mahali, yamepanda mpaka kifuani pake, na mikono yake miwili, yenye mishipa kama mizizi, ilikuwa imeukumbatia mgomba. Mgomba ulikuwa unainama. Hapakuwa na sauti, ila ukingo wa picha ulikuwa ukitikisika kwa mipigo, na kila mtu ukumbini akajua ya kuwa mwanamke huyo alikuwa anaita.

Juu, mbali, lilisimama lango la ziwa. Kabari iliyolizuia ilikuwa imevunjika, vipande vyake vikining'inia. Mtu mmoja alikuwa amelilalia gurudumu la lango kwa kifua, amelishika kwa mikono na miguu, akilizuia kwa mwili wake mwenyewe lisizunguke. Hakuwa amelala. Alikuwa Andongwisye.

Akageuza kichwa. Akamwona bibi. Kisha, na hilo Tusajigwe aliliona polepole kama mtu anavyoona jambo ndotoni asiweze kulizuia, akageuka upande wa pili, akatazama bondeni. Moshi wa majiko ulikuwa unapanda Bondeni, nyuzi nyembamba za kijivu, kila nyumba na wake. Akautazama. Akamrudia bibi kwa macho. Akautazama tena moshi.

Kisha akaachia.

Alikuja akiogelea, uso wake ukazidi kukua hata ukaujaza ukuta, na midomo yake ilisomeka na kila mtu: Bibi, nipe mkono. Lakini macho ya bibi hayakumtazama yeye. Yalimpita begani. Nyuma yake gurudumu lilikuwa linazunguka lenyewe, kwa kasi hata njiti zake zisionekane, na ng'ambo ya gurudumu, mmoja baada ya mwingine, nyuzi za moshi zilikuwa zinakatika.

Picha ikayeyuka kutoka pembeni, kama inavyoyeyuka machoni mwa mtu anayelia. Mrija ukafyonza hewa tupu. Mwali ukarudi kuwa buluu, ukaendelea kunguruma bila kuwa na la kusema, mpaka Tusajigwe alipoufunga.

*

Hakuna aliyegombana. Wazee walikuwa wameogopa picha inayotetemeka, lakini hii ilikuwa imetetemeka kama kitu chochote kilicho hai kinavyotetemeka.

Andongwisye ndiye aliyesema kwanza. "Aliniita."

"Kwa nini ulinyamaza?" Mzee Lwitiko akauliza.

"Ningesema, mngesema bibi ndiye aliyewaua watu wa Bondeni. Alikuwa anajisemea hivyo mwenyewe, Mzee, mpaka alipokata roho. Sikutaka asemewe na mji mzima."

Lugano aliweka mkono kinywani. Hakuwa amelijua hilo. Alikuwa amepiga magoti katika kila nyumba ili umande wa nyanya yake usomwe, na sasa ulikuwa umesomwa.

"Ulipotazama bondeni, uliona nini?" Lwitiko akaendelea.

"Moshi."

"Ulijua ni moshi wa nini."

"Wa uji wa asubuhi."

"Na ulijua ukiachia lango kitatokea nini."

Palikuwa na nafasi hapo, nafasi ndogo, ambayo mtu angeweza kupenyeza neno la kujipunguzia. Andongwisye aliipita. "Nilijua. Nilidhani labda nitarudi kabla gurudumu halijafika mwisho. Lakini nilijua."

Lwitiko akawageukia wajumbe. Mashtaka yalikuwa ya kulala zamu, na hakulala. Kikombe kiliandikiwa mlinzi mzembe, na mbele yao hapakuwa na uzembe. Mababu walikuwa wameandika juu ya wavivu, waongo, wezi na wauaji. Hawakuwa wameandika juu ya mtu aliyesimama kati ya sauti moja anayoisikia na nyingi asizozisikia, akachagua iliyomwita kwa jina. Wajumbe wakatazamana, wakatikisa vichwa. Sheria ilikuwa imefika ukingoni mwake.

"Hana hatia ya kulala," Lwitiko akatangaza. "Kikombe kimeondolewa."

Lugano akasimama nusu, kisha akaona uso wa mumewe, akaketi.

"Nipeni," Andongwisye akasema.

"Tukupe nini?"

"Kikombe. Nipeni ninywe. Nawaomba."

"Kijana," Mama Ikupa akasema, na safari hii hapakuwa na mzaha katika ulimi wake, "kikombe si dawa. Ni adhabu."

"Kwangu ni dawa, Mama. Kila asubuhi nauona ule moshi. Nipelekeni ng'ambo ya mlima, mniite jina lolote. Niwe mtu ambaye hajui."

"Nami?" Lugano akauliza nyuma yake. Hakulisema kwa ukali. "Bibi aliita, akaitikiwa. Ukisahau wewe, mimi nitalijua peke yangu."

Andongwisye hakugeuka, lakini mabega yake yalipokea neno hilo.

Tusajigwe alikuwa bado amesimama kando ya mla-vyote, na joto la chuma lilikuwa linampiga ubavuni. Alikuwa amekuja kumwokoa mtu asipoteze ukumbusho wake, naye alikuwa amemrudishia kitu ambacho mtu huyo alikuwa akiomba kuvuliwa. Akaona nyuma ya ukumbi watu wanasimama, wachache, kisha wengi. Aliwatambua. Kila mmoja wao alikuwa na jamaa aliyevushwa mlima baada ya umande wa shahidi wake kumwagwa. Walimtazama, naye akakubali kutazamwa.

 Mzee Lwitiko alinena kama mtu aokotaye maneno chini, moja moja, akiyapangusa.

"Hutapewa kikombe, kwa sababu umekitaka. Utabaki Isuba, kwa jina lako. Utakwenda kwa kila aliyefiwa Bondeni, utasimama mbele yake, na utamwambia ulichofanya, na kwa nini. Kwa kinywa chako. Hakuna mbegu, hakuna kichupa, hakuna kichomeo."

"Mzee, maneno ya kinywa hayapokelewi."

"Nimesema mimi yatapokelewa."

"Nitashindwa. Nitaanza, kisha nitalia, na watasema..."

"Ukilia, ulie."

Akainuka kitini. Alishuka ngazi za jukwaa kwa shida, akiushikilia ukingo wa meza, akaenda upande wa kushoto. Waliofiwa wakasogeana, wakamwachia mahali kwenye benchi, naye akaketi miongoni mwao, mzee kama wazee wengine, mikono yake juu ya magoti.

"Anza na mimi," akasema. "Atuganile alikuwa mwanangu."

Andongwisye akasimama mbele yake. Midomo yake ilifunguka, ikafungwa, ikafunguka tena, na mashavu yake yalikuwa yamekwisha kulowa kabla neno la kwanza halijatoka. Ndipo Tusajigwe akaupa ukuta mweupe mgongo, akamtazama usoni yule aliyekuwa akisema.